Difragi usiku kucha, wiki ikipita diski imerudi kule kule

studio_chake, Ijumaa saa 4:12 usiku

Asalaam alaykum wana jukwaa. Nipo Chake Chake, kazi yangu video na picha za harusi. Mfunguo Mosi huu nimeshika harusi tisa na mashine imeamua kuniaibisha.

Tatizo ni diski D, ile ninayowekea kazi. Ya ndani, 1 TB, mizunguko 5400, Windows 10, RAM 16 GB. Nikifungua faili la harusi nasikia diski inakwaruza kama kuku anayechakura majani makavu. Jana mama wa bibi harusi kaja kuchukua video yake, faili la GB 18, nalinakili kwenye diski yake ya nje. Kakaa benchini, soda imeisha, chupa kairudisha dukani kwa jirani, mie bado nipo asilimia 60.

Sasa msije mkaniambia nidifragi, ile kazi ya kuyaunga na kuyapanga upya mafaili yaliyokatika vipande diskini. Nadifragi! Kila Alhamisi nikifunga, saa tatu usiku, naiwasha. Inamaliza saa mbili asubuhi. Wiki iliyopita kukatika kwa mafaili kulitoka asilimia 38 kukafika 9, nikashukuru. Alhamisi ya jana kabla sijaiwasha nikaangalia: 31. Yaani wiki moja tu.

Kuna mtu kanishauri ninunue programu ya difragi ya kulipia, eti hii ya Windows haifai. Mwengine kasema niongeze RAM. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

pweza_wa_nazi, saa 4:20 usiku

Weka SSD, ile diski isiyozunguka. Uzi ufungwe.

studio_chake, saa 4:26 usiku

@pweza_wa_nazi ahsante, utanilipia? SSD ya 1 TB ndiyo nnaitaka, lakini kwanza nikusanye madeni ya harusi, na watu ukishawapa video hawapokei simu tena.

ami_mlandege, saa 5:03 usiku

Waalaykum salaam. Kijana, usinunue kitu usiku huu. Miaka ishirini na kitu nafungua mashine za watu hapa Mlandege, na wengi waliokuja na maneno haya diski zao zilikuwa zinakufa, hawajui. Diski yenye sekta mbovu husoma pale pale mara mia kabla haijakata tamaa, na sauti yake ni hiyo hiyo ya kuku. Ukiipa difragi ya saa kumi na moja unaimalizia.

Kwa hiyo kwanza soma SMART yake, ripoti ya afya ambayo diski inajiwekea yenyewe. CrystalDiskInfo ni bure. Tazama namba 05, sekta mbovu zilizokwisha badilishwa, na namba C5, zile zinazotiliwa shaka. Zote zikiwa sifuri tutaendelea. Kama C5 ina kitu, zima kila kitu, nakili harusi za watu, na difragi uisahau.

Zikiwa salama, fungua dirisha la amri kwa haki za msimamizi, andika:

defrag D: /A /V

Hiyo haisogezi kitu, inapima tu. Nataka namba mbili: nafasi iliyobaki, na ukubwa wa nafasi moja kubwa kuliko zote isiyokatika. Halafu pakua Contig ya Sysinternals, ipe lile faili la GB 18 kwa contig -a, itakwambia liko vipande vingapi.

Na swali la mwisho, lijibu vizuri: ukiacha wewe, nani mwengine anaandika kwenye D?

studio_chake, Jumamosi saa 1:40 asubuhi

Ami, shikamoo. Nimefanya yote.

05 ni sifuri, C5 ni sifuri. Alhamdulillah.

Diski inaonyesha GB 931, iliyobaki GB 62. Nafasi kubwa isiyokatika ni GB 1.1. Faili la harusi: vipande 41,000 na ushei. Nilidhani nimesoma vibaya, nikarudia.

Nani anaandika D? Mie peke yangu. Nahariri, natoa video iliyokamilika, basi. Na kamera za duka.

ami_mlandege, saa 1:58 asubuhi

Marahaba. Kamera za duka ngapi?

studio_chake, saa 2:05 asubuhi

Nne. Kuna programu inarekodi usiku na mchana, nimeipa GB 300 za D. Ikijaa inafuta za zamani yenyewe. Hazisumbui kitu.

pweza_wa_nazi, saa 2:06 asubuhi

"Hazisumbui kitu" 😂

kijana_tunguu, saa 3:30 asubuhi

Kaka hamia Linux. Mie nasoma chuo kikuu, SUZA, laptopu yangu ina ext4, mpango wa mafaili wa Linux, mwaka wa tatu huu sijawahi kudifragi. Kule ugonjwa huu haupo kabisa.

ami_mlandege, saa 5:15 asubuhi

Kijana wa Tunguu, nusu umesema kweli. ext4 haiandiki papo hapo: inasubiri data irundikane kwenye kumbukumbu, ndipo inatafuta mahali pa kuiweka yote pamoja. Na kawaida inajibakizia asilimia 5 ya diski ambayo mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuigusa, sababu moja ikiwa ni hii hii ya vipande. Lakini ugonjwa upo. Ungekuwa haupo wasingeitengenezea difragi yake, e4defrag. Jaza laptopu yako mpaka 95, uache mafaili manne yanakua kwa pamoja, kisha pitisha filefrag, inayohesabu vipande, uone. Hujawahi kuugua kwa sababu wewe unaandika insha.

Sasa studio. Nilitaka kujibu kwa mkato, lakini suala hili naulizwa kila wiki, ngoja niliandike mara moja.

Chukua khitma. Juzuu ziko thelathini. Zikiwa kasha moja kwa mpango, unamaliza moja unanyoosha mkono unachukua ya pili. Sasa chukulia zimeazimwa: ya kwanza iko Machomane, ya pili Tibirinzi, ya tatu Wawi, ya nne imerudi Machomane nyumba ya jirani. Hakuna iliyopotea, maalim ana daftari linalosema ipi iko kwa nani. Lakini ukitaka kuzisoma kwa mfululizo, kazi yako kubwa imekuwa kutembea.

Daftari hilo kwenye NTFS, mpango wa mafaili wa Windows, ni MFT. Kila faili lina nafasi yake humo, kawaida kilobaiti 1. Likikatika vipande vingi mno nafasi hiyo haitoshi, maalim inabidi aandike "endelea ukurasa fulani", na kurasa hizo nazo zinatafutwa. Kwa hiyo faili lako la vipande 41,000 linachelewesha hata kabla halijaanza kusomwa.

Kutembea kunagharimu kiasi gani? Sahani ya mizunguko 5400 kwa dakika inazunguka mara moja kwa milisekunde 11 hivi. Kichwa kinachosoma sahani kikifika kwenye mstari kinasubiri, kwa wastani, nusu mzunguko: 5.6. Kabla ya hapo kimesogea, tukipe 12. Jumla milisekunde 17 na kitu kwa kila kipande. Zidisha kwa 41,000: sekunde 720, dakika 12 za kichwa kutembea tu, hujasoma kitu. Kusoma kwenyewe GB 18 kwa kasi ya MB 90 kwa sekunde ni dakika tatu na nusu. Yule mama alikuwa anasubiri miguu ya kichwa.

Vipande vinatoka wapi? Kamera nne, kila moja na faili lake, yote yanakua kwa wakati mmoja. Kamera A inaomba nafasi kidogo, B kidogo, C, D, tena A. Wewe saa hiyo hiyo unatoa video ya harusi, unaingia kwenye foleni kama wa tano. Mfumo hujaribu kumtengea kila mmoja sehemu yake, lakini diski imejaa asilimia 93, atenge nini? Anawapa mashimo yaliyopo. Siku kadhaa baadaye rekodi za zamani zinafutwa, yanabaki matundu katikati ya harusi. Harusi ijayo inaingizwa kwenye matundu hayo.

Na ndiyo maana difragi yako inachukua usiku. Faili la GB 18, shimo kubwa kuliko yote GB 1.1. Litakaa wapi? Inabidi iondoe hiki ipishe kile, kisha irudi. Kila kitu kinasomwa na kuandikwa kwenye diski ile ile, kichwa kile kile. Difragi ya Windows yenyewe inataka angalau asilimia 15 iwe tupu ndipo ifanye kazi sawasawa, wewe umeipa 7. Na usiku kucha inapopanga, kamera bado zinarekodi! Dau linavuja, kila Alhamisi unafua maji, kalafati hujatia.

Programu ya kulipia itafua maji kwa ndoo nzuri zaidi. Hiyo tu.

bi_wete, saa 8:20 mchana

Ami kaniamsha kumbukumbu. Mie mhasibu, huko nyuma nilikuwa ofisi moja Wete tunaweka mizani za karafuu, kila gunia linaloingia linaandikwa kwenye hifadhidata. Msimu ukikaza mashine inalala. Tukaambiwa tudifragi, tukadifragi, wiki mbili mambo yale yale.

Aliyetuokoa alikuwa kijana mmoja wa kujitolea. Kafungua mipangilio ya hifadhidata, akatuonyesha: faili likijaa linaongezeka kwa MB 1. Moja! Yaani siku ya magunia mengi linaomba nafasi mara chungu nzima, na kila mara linapewa kona nyengine. Akaligeuza liwe linaongezeka kwa MB 512, akasimamisha kazi jioni moja, akalinakili faili zima kwenda diski tupu na kulirudisha. Hatukudifragi tena msimu ule wote.

Kwa hiyo kaka tazama kwenye hiyo programu ya kamera kama ina mahali pa kutenga nafasi mapema. Nyengine zinayo, zinakata eneo lote kuwa mafaili ya ukubwa mmoja siku ya kwanza, kisha zinaandika juu ya yale yale kila mzunguko. Hayo hayazai vipande.

studio_chake, saa 9:02 alasiri

Bi Wete ahsante sana. Yangu haina hilo, nimepekua kila menyu. Ya bure hii.

Ami, nimekufahamu. Je nikiigawa D nikawapa kamera sehemu yao, nyengine niweke harusi? Na swali la Kipemba: umeme ukikatika katikati ya difragi, harusi inabaki nusu?

ami_mlandege, saa 11:40 jioni

Ukiigawa, vipande vya kamera havitachanganyika na harusi, hilo utalipata. Lakini kichwa ni kimoja. Kitakuwa kinarukia sehemu ya kamera na kurudi kwako mchana kutwa. Bora kamera zipate diski yao. Huna laptopu iliyokufa hapo dukani? Toa diski yake. Kamera hazitaki kasi, GB 500 ya zamani inazitosha, mradi SMART yake safi.

Umeme: usiogope kupita kiasi. Windows inasogeza faili kwa kunakili data kwanza mahali papya, kisha ndipo inabadilisha daftari, na mabadiliko ya daftari yanaandikwa kwenye jarida la NTFS lililomo diskini kabla hayajatendeka. Umeme ukienda katikati, faili linakuwa bado kule kwa zamani au limeshahamia kupya. Ila diski nazo huwa zinashikilia vitu kwenye kumbukumbu yao ndogo na kusema "nimeshaandika" kumbe bado. Kwa hiyo UPS, betri ya akiba, iwepo. Hata ya dakika kumi.

Sasa kazi yenyewe. Difragi usiiwashe tena kwa diski hii katika hali hii. Njia ya haraka ni kuhama na kurudi. Hamisha kamera kwanza, ufute zile GB 300. Harusi zote nakili kwenye diski ya nje kwa robocopy, amri ya Windows ya kunakili, na /E ili ichukue folda zote. Zile muhimu, ambazo mwenyewe hajachukua, ziwe na nakala mbili, sehemu mbili. Fungua mafaili matano sita uyaangalie mpaka mwisho, usiridhike na jina kuonekana. Hapo ndipo unafomati D:

format D: /FS:NTFS /A:64K /Q

Klasta, yaani vile visanduku ambavyo diski hugawiwa, za 64K badala ya 4K za kawaida: mafaili yako makubwa, daftari litakuwa fupi. Ubaya wake ni kwamba kila kifaili kidogo kitakula 64K, na ule mgandamizo wa NTFS hautafanya kazi juu ya 4K, lakini video haigandamiziki hata hivyo. Kisha rudisha zile ambazo hujazimaliza tu. Zilizokwisha kwa wenyewe zibaki nje. Zinaandikwa moja baada ya moja kwenye uwanja mtupu, zinatoka zimenyooka.

Tangu hapo D isivuke asilimia 80. Bandika karatasi kwenye kioo ukitaka.

Jengine, soma namba ya modeli ya diski kwenye karatasi ya ufundi ya aliyeitengeneza. Ukiona SMR, hiyo mistari yake imelaliana kama vigae vya paa. Ukitaka kubadilisha mmoja wa katikati, na wa jirani lazima uandikwe upya. Difragi kwenye diski ya namna hiyo ni adhabu. Kuhama na kurudi ndiyo dawa yake pekee.

pweza_wa_nazi, saa 12:05 jioni

Sawa sikucheka tena. Ami swali: mie nina SSD na Windows yangu inaandika "Optimize" kila wiki. Inanidifragi au vipi?

ami_mlandege, saa 2:30 usiku

Tangu Windows 8, kwa SSD kazi kubwa ya kitufe hicho ni TRIM, kuiambia diski "eneo hili limefutwa, lisafishe". Hiyo haina ubaya. SSD haina kichwa cha kutembea, kwa hiyo vipande haviiumizi kama diski ya sahani. Kudifragi SSD kila siku ni kuichakaza kwa kuandika bure. Kulikuwa na kasoro kwenye Windows 10 toleo la 2004, lile la Mei 2020: lilikuwa linasahau lini lilifanya kazi hiyo mara ya mwisho, kila ukiwasha linadhani halijafanya. Ikarekebishwa Septemba mwaka ule ule. Kama husasishi mashine yako, sasisha.

Nyinyi hamkuona raha ya DOS 6, 1993. DEFRAG ya vimraba vya rangi, unakaa na kahawa unavitazama vinapangika kimoja kimoja. Watu walikuwa wanaiwasha bila sababu, kuangalia tu. Windows Vista ilipokuja 2007 hata mchoro wa rangi ukaondolewa, ikabaki kusubiri gizani.

kijana_tunguu, saa 2:41 usiku

Ami 1993 sijazaliwa 🙏

Nimejaribu ulivyosema: mashine ya bandia, diski ya GB 10, nikaijaza mpaka 95, mafaili manne yanakua pamoja. filefrag imeniambia vipande 2,300. Nimerudisha maneno yangu.

studio_chake, Jumanne, wiki mbili na ushei baadaye, saa 3:55 usiku

Nimerudi, sikutoroka.

Diski ya GB 500 niliitoa kwenye laptopu iliyomwagikiwa chai, SMART safi, kamera zimehamia huko. Kunakili harusi kwenda nje kulichukua saa saba, kwa vile zilikuwa bado zimekatika. Umeme ulikatika mara moja katikati, robocopy nikaiwasha tena ikaendelea na yaliyobaki. Kufomati dakika haifiki. Kurudisha GB 350 ilikuwa saa moja na robo! Ile ile diski, sikuongeza senti.

Faili la GB 18 lile lile, kwenda kwenye diski ya nje: dakika nne kasoro.

Makosa yangu mawili, mjifunze. Kwanza nilibadilisha majina ya folda wakati wa kurudisha, programu ya kuhariri ikafungua miradi yote nyekundu, haioni video. Nusu siku imepotea kuziunganisha tena. Acheni majina kama yalivyo, na herufi ya diski pia. Pili, kutoa video hakujakuwa haraka kama nilivyodhani. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi, sasa saa mbili na hamsini. Kumbe hapo mzigo mkubwa ni wa prosesa.

Ami, kitu kimoja kimenitia wasiwasi. Contig inasema harusi ya juzi ina vipande 9. Windows inasema asilimia 0. Nani muongo?

ami_mlandege, saa 4:10 usiku

Hakuna muongo. Windows haihesabu kipande chenye MB 64 au zaidi, inakiona kimetosha. Kusoma MB 64 kwa diski yako ni milisekunde 700 hivi, ukiongeza 17 za kutembea hutazihisi. Vipande 9 kwa GB 18 ni gari ya Chake–Mkoani inayosimama mara tisa. Ile ya zamani ilikuwa inasimama kila mnazi.

Iache ratiba ya Windows ya kila wiki ifanye kazi yake, sasa itamaliza ndani ya dakika chache kwa sababu haina cha kufanya.

bi_wete, saa 4:18 usiku

Na yule mama wa bibi harusi?

studio_chake, saa 4:31 usiku

Karudi leo na binti yake wa pili, harusi Mfunguo Pili. Kaweka soda juu ya meza, hajafungua, mie nshamkabidhi diski yake. Kaniuliza: "Mbona leo hukunikalisha?"

Ila nimegundua, katika kuhamisha rekodi, kwamba kamera namba tatu tangu mwezi uliopita inarekodi utando wa buibui. GB kadhaa za buibui, vipande vipande. Kesho napanda na ufagio.